M Nduguye G

Hajara Abdulghani alikuwa na kiburi cha aina moja tu, lakini cha aina hiyo alikuwa nacho cha kuwatosha watu tisa. Uzuri hakujivunia, kwa sababu kioo cha nyumbani kwao mtaa wa Kisugu kilikuwa na ufa na hakikuwahi kumwonyesha zaidi ya nusu ya uso. Mume hakujivunia, kwa sababu alikwisha kumrudisha kwa mama yake mwaka wa 1969, akiwa mzima na nguo zake zote zimefuliwa. Alichojivunia ni kwamba katika miaka tisa ya kuwaongoza waandishi wa programu wa ofisi ya kompyuta ya serikali, hakuwahi hata siku moja kutamka maneno ambayo kila ofisi ya Kampala iliyatamka kabla ya chai na baada ya chai: mashine imekosea.

"Mashine haina akili ya kukosea," aliwaambia vijana wake. "Kukosea ni kazi ya watu. Ukikosea simama useme umekosea, kisha kaa urekebishe."

Mashine yenyewe ilijaza ukumbi mzima na ilitaka ubaridi kama maiti. Mwaka ule wa 1976 serikali ilikuwa imeishiwa sukari, sabuni na mawaziri, lakini ubaridi wa kompyuta haukukatika. Wakubwa wenye vitambi walikuwa wakija kuitembelea mchana wa jua kali, wakisimama mbele yake wakitikisa kichwa kana kwamba wanaelewa, huku jasho likiwakauka kwapani. Hajara aliwaacha wapoe. Alisema kila mtu ana haki ya kunufaika na sayansi kadiri ya uwezo wake.

Kazi ilifanywa kwa kadi. Kila jina la mtu lilikuwa kadi moja ngumu iliyotobolewa matundu, na kila amri ya programu nayo ilikuwa kadi moja. Wasichana kumi na wawili walikaa mstari mmoja wakitoboa, na msimamizi wao alikuwa Filda, mama wa Kiacholi kutoka Kawempe, mwenye vidole vyepesi na kumbukumbu ndefu. Kadi za amri zilipangwa kwa utaratibu, mashine ikazimeza, na kama kuna moja imekaa vibaya ikazitapika zote.

Mwingereza aliyemfundisha Hajara kazi hiyo alikuwa amemwachia vitabu vitatu na desturi ya kunywa chai akiwa amesimama. Desturi ya pili, ile iliyoifanya ofisi ijulikane, Hajara aliitoa nyumbani. Mama yake, Bi Naila, alisomesha Kurani watoto wa Kisugu kwa miaka arobaini, kwenye mkeka, kwa fimbo ya mpera. Mtoto mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza. Akisoma sawa huitikiwa, akikosea watu hukohoa. Hajara aliona hakuna sababu ya programu kusomwa kwa heshima ndogo zaidi. Basi hakuna kadi iliyoingia mashineni kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya wenzake. Msomaji akisoma sawa, wote huitika, "Sahihi." Akikosea wanakohoa. Badala ya fimbo palikuwa na rula. Yule Mwingereza aliwahi kucheka mpaka akamwaga chai. Baadaye alifukuzwa nchini na masanduku yake mawili, na programu zikaendelea kusomwa.

Jambo jingine lililompa sifa lilikuwa jedwali la ndugu. Kampala, L na R ni watoto wa tumbo moja, hubadilishana nguo. Mtu yule yule ni Oryem Jumatatu na Olyem Jumanne, kutegemea nani ameshika kalamu. Mashine, kwa kuwa haijui Kiganda, iliwahesabu kuwa watu wawili, na Oryem mmoja alikaa mwaka mzima akiambiwa hana kazi kwa sababu kazi alikuwa nayo Olyem. Hajara alikaa na mwandishi wake hodari, wakatunga kadi moja iliyoiambia mashine kwamba wakati wa kutafuta, L ni nduguye R, isiwatenganishe. Kadi moja tu, na nusu ya malalamiko ya nchi yakaisha.

Mwandishi huyo hodari aliitwa Cleopas Obonyo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, Mkenya mzaliwa wa Kisumu, mwimba kwaya, mwenye tai mbili alizozivaa kwa zamu. Alisoma programu kwa sauti ya besi iliyowafanya wasichana wa Filda watoboe vibaya. Siku zote alikuwa na kadi tupu mfuko wa shati, akiandika humo chochote kilichomjia. Hajara, ambaye hakuzaa, alimgombeza kama mwanawe, na mwenye macho aliona mapenzi yaliyokuwamo.

Kitu kimoja zaidi, kisha tuingie kwenye matata. Hajara alikuwa mlevi wa kusoma, na vitabu havikuwepo. Maduka ya vitabu yalikuwa yamegawiwa mafuta mingi, kama walivyoitwa matajiri wapya waliozawadiwa mali za Wahindi, nao waliuza vitabu kwa uzito. Vitabu vikaishia Kikuubo, uchochoro wa wachuuzi, vikichanwa kurasa na kufungiwa njugu na chumvi. Basi Hajara akawa anakwenda kusoma huko. Alinunua njugu asizozitaka ili apate ukurasa. Alijua katikati ya hadithi nyingi sana na hakujua mwisho wa hata moja. Aliwahi kusoma kesi ya mauaji pasipo hukumu, na maelekezo ya kuzalisha yaliyokatika pale kichwa cha mtoto kinapoonekana. Njugu za siku moja zilifungwa kwa fomu za sajili ya wafanyakazi, zile zile ambazo ofisi yake ilizitobolea kadi mwaka uliotangulia. Mtunza ghala alikuwa ameziuza zote kwa gunia. Hajara alikula njugu zake, akanyamaza.

Sajili hiyo ndiyo iliyoleta matata. Kila aliyefanya kazi katika ofisi na mashirika ya Kampala alijaza fomu: jina, kazi, anakolala, mji aliozaliwa. Uraia haukuulizwa. Aliyetunga fomu alidhani kila mtu anajua kwao. Zikatoka kadi elfu kumi na moja, na ilipozaliwa aibu ya kwanza ya sajili, Filda na wasichana wake walikuwa wametoboa KISUMU mahali pa KISUGU katika kadi arobaini. Hajara mwenyewe, mzaliwa wa Kisugu, alikuwa Mkisumu kwa siku mbili. Kadi zikatobolewa upya, na hakumsemesha Filda kwa siku tatu. Filda alilikumbuka hilo.

Kapteni Umar Farouk alifika Alhamisi moja ya mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, na askari wawili. Alikuwa amepewa shirika la ngozi kuliongoza, ingawa ngozi pekee aliyowahi kuishughulikia ilikuwa ya watu. Mwezi huo serikali na majirani wa Kenya walikuwa wamegombana vibaya, redio ilitukana tangu alfajiri, na Wakenya wa ofisi ya jirani walikuwa wameitwa kwa majina wiki iliyopita wakapandishwa gari. Viatu vyao vilionekana baadaye. Wao hawakuonekana.

"Nyabo," alisema Kapteni, kama Waganda wamwitavyo bibi, "wewe ndio mukubwa ya hii kompiuta?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi nataka risti. Watu yote ya Kenya yenye inafanya kazi hapa Kampala. Jina, ofisi, na pale analala. Kesho asubui."

Mkurugenzi wa ofisi, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, alisema inawezekana kabisa. Kisha akakumbuka kwamba ana mgonjwa Masaka, akaondoka.

Kapteni hakuwa mjinga wa kila kitu. Aliuliza kadi za watu ziko wapi, akaonyeshwa masanduku ishirini na mawili. Akatia sahihi juu ya kila sanduku kwa kalamu nyekundu, akawaweka askari wake wakae juu yake. "Hapana toa hata moja," alisema. Halafu akamtazama Obonyo, aliyekuwa kando ya mtambo wa kuchapa akiwa na tai ya buluu. "Wewe kijana, jina yako?"

"Cleopas, afande."

"Kiliopasi. Jina ya kanisa. Kesho wewe ndio utapiga chapa. Usipokuja, huyu nyabo atanieleza."

Kwa hiyo Obonyo hakuweza kukimbia, na Hajara hakuweza kumwambia akimbie. Programu ya kutafuta mji ilikuwepo, wameiandika wenyewe, na ilikuwa programu safi. Ingewatoa Wakenya mmoja mmoja kama anayechambua mchele, watu mia nne na kumi na wawili, na kati yao mpiga chapa.

Jioni mapema Hajara alitembea hadi Kisugu kwa miguu, kwa kuwa petroli nayo ilikuwa imekwenda na mawaziri. Alimkuta Bi Naila barazani akisomesha watoto saba. Alisubiri wamalize aya, akakaa kwenye ncha ya mkeka kama mwanafunzi wa nane.

"Mama, mtu akiandika jambo lisilo kweli ili mwingine apone, hukumu yake nini?"

Bi Naila alikuwa na miaka sabini na mbili, na hakuwa mtu wa kuulizwa mambo nusu nusu. "Uongo ni uongo," alisema. Aliwatazama watoto wakigombea kipande cha chaki. "Lakini kukosea herufi si uongo, mwanangu. Ni mwandiko mbaya. Hawa wangu wote wana mwandiko mbaya, na sijui hata mmoja atakayechomwa kwa hilo."

"Kweli?"

"Kweli. Ila anayeaibika ni mwalimu wao."

Hajara aliwanyang'anya chaki, akaikata katikati. Aliogopa. Aliogopa kufa, na hapo hapo, jambo lililomkasirisha, aliogopa kuchekwa. Alijaribu kupima ni hofu ipi kubwa na hakufurahia jibu. Mtu aliyekaa miaka tisa akiwapiga wenzake rula kwa ajili ya nukta moja ana mengi ya kupoteza katika herufi moja. Akafikiri kuhusu Filda na kadi zake arobaini, akajiona jinsi alivyojifungia ofisini siku tatu kwa sababu ya G. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Akamwomba mama yake radhi kwa jambo ambalo bado hajalifanya, na Bi Naila akamwambia akachemshe chai.

Ijumaa alifika mapema kuliko wote. Alikaa kwenye mashine ya Filda, akatoboa kadi moja kwa mikono yake, kitu ambacho hakukifanya kwa miaka sita, akaitia katikati ya kadi za programu. Askari waliokaa juu ya masanduku ya watu hawakumtazama. Waliambiwa walinde majina, na amri si majina.

Saa mbili Kapteni aliletewa kiti. Filda na wasichana wake walipangwa ukutani. Obonyo alikuja na tai yake nyekundu, uso umempauka, akasimama penye mtambo.

"Anza," alisema Kapteni.

"Afande, kwanza huwa tunasoma," alisema Hajara.

"Munasoma nini?"

"Programu. Ni desturi ya ofisi."

Angeweza kuiacha desturi siku hiyo moja, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hakutaka kadi ile iingie kimyakimya kama mwizi. Akashika kadi, akaanza kusoma kwa ile sauti ya mkekani, na wote wakaitika.

"Fungua sajili ya watu."

"Sahihi."

"Chukua miji ya Kenya."

"Sahihi," na sauti ya Obonyo ilikuwa nyembamba.

"Mji wa kwenye kadi ukiwa ndugu wa mji unaotafutwa, chapa mji unaotafutwa."

"Sahihi."

"L nduguye R."

"Sahihi."

"M nduguye G."

Msichana mmoja akavuta pumzi ya kukohoa, Filda akamkanyaga mguu. Obonyo aliinua macho akamtazama mkuu wake. Yeye ndiye aliyeijua programu ile kama nyumba aliyozaliwa, na uso wake ulionyesha jinsi herufi zilivyokuwa zikizunguka humo ndani, Kisumu, Kisugu, mpaka zikatua. Machozi yakamlengalenga.

"Sahihi," alisema kwa besi yake yote.

"Amin," alisema Kapteni, aliyevua kofia tangu mwanzo akidhani ni dua.

Mashine ikameza kadi elfu kumi na moja. Mtambo ukaanza kupiga kelele na karatasi pana ikamiminika sakafuni, mikunjo juu ya mikunjo. Kapteni alifurahi sana. Alipenda kelele. Mtambo uliponyamaza, Obonyo aliibeba karatasi kwa mikono miwili akamwekea magotini. Jina la kwanza, kwa kuwa alfabeti ndivyo ilivyotaka, lilikuwa ABDULGHANI HAJARA, KISUMU.

Kapteni alilisoma kwa kidole. Akalisoma tena. Halafu akacheka mpaka bastola ikagonga kiti.

"Nyabo! Wewe ni Mukenya!"

Askari nao wakacheka, kwa kuwa mkubwa amecheka. Hajara alisubiri wamalize.

"Ndivyo mashine inavyosema, afande. Endelea kusoma."

Akaendelea, akilowanisha kidole kwa mate. Alimkuta imamu aliyemfungisha ndoa, akacheka kidogo. Alimkuta shemeji wa kanali mmoja, hakucheka. Ukurasa wa tisa kidole kilisimama. Nyani haoni kundule, lakini hili lilikuwa limechapwa kwa herufi kubwa: FAROUK UMAR, SHIRIKA LA NGOZI, KISUMU.

Askari mmoja, maskini, hakujua kwamba wakati wa kucheka umepita.

"Hii ni matusi," alisema Kapteni polepole. "Mimi nazaliwa Kisugu. Nyuma ya kisima. Mama yangu anajulikana."

"Namjua, afande. Mimi pia nimezaliwa Kisugu. Mama yangu alikusomesha wewe mpaka juzuu ya pili."

Kapteni alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu anayeikumbuka fimbo ya mpera. "Sasa hii risti inasema Kisugu yote ni Kenya?"

"Inasema hivyo."

"Nani alikosa?"

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Angeweza kusema yale maneno ya Kampala nzima, mashine imekosea, na labda Kapteni angeipiga mashine risasi na mambo yakaisha. Pembeni, Obonyo alikuwa amefungua mdomo, amepiga hatua mbele, mpumbavu yule mwenye moyo, anataka kusema ni yeye. Hajara alipiga rula mezani. Obonyo akarudi mahali pake.

"Ni mimi, afande. Nimekosea mimi. M na G zinanichanganya."

"Wewe? Mukubwa ya kompiuta?"

"Tangu utotoni. Muulize mama yangu."

Wasichana kumi na wawili walitazama sakafu. Filda alitazama dari. Hajara alihisi uso unamwaka moto kama mtoto aliyejikojolea darasani, na hakuna aliyecheka, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Tengeneza ingine."

"Itabidi turudie kwenye fomu za mkono, afande, ili tujue nani ni wa wapi kweli."

"Rudia."

"Fomu zimeuzwa Kikuubo."

Kapteni alifumba macho. Hakufika herufi O, hakuwa na hamu tena ya kujua nani mwingine ni Mkenya. Alfabeti nayo ina huruma zake. Aliamuru karatasi ile ichomwe na asisikike mtu akiitaja. Akamwandikisha Hajara barua ya kukiri kwamba hajui herufi, akaitia sahihi kwa ile kalamu nyekundu, na akatoa hukumu kwamba nyabo huyu ashushwe akatoboe kadi na wasichana mpaka zimkae kichwani. Kisha akaondoka, akitembea haraka kuliko alivyokuja.

"Obonyo," alisema Hajara, "nenda kale chakula cha mchana."

"Ni saa nne, madamu."

"Kale mbali."

Alisimama akitaka kusema neno. Hajara alimgeuzia mgongo, kwa sababu lingemshinda. Aliposikia mlango umefungwa alitazama, akaona tai nyekundu imening'inizwa kwenye kiti. Muda mfupi baadaye Filda na wasichana wake wote wakatoka kwenda kununua maandazi, katika ofisi kumi na saba ambazo haziuzi maandazi. Waliporudi, Wakenya wengi wa mji walikuwa wameumwa ghafla, wamefiwa, au wamekwenda kuoa.

Hadithi haikuchomeka hata kama karatasi ingechomeka. Jumamosi Kisugu nzima ilikuwa ikiamkiana "oyawore" kwa Kijaluo. Hakuna mwanajeshi aliyethubutu kuomba orodha nyingine kwenye mashine ile, maana nani anataka risti ambayo mwenye kuiagiza anatokea ndani? Hilo halikuwazuia kuwakamata watu kwa njia zao za zamani, na wengine walikamatwa. Lakini kwa kompyuta hawakukamatwa.

Hajara akakaa mstari wa watoboaji, kiti cha mwisho karibu na dirisha, chini ya Filda. Filda alikuwa msimamizi wa haki. Kila asubuhi aliichukua kadi yake ya kwanza, akaiinua juani, akasema kwa sauti, "Madamu, G iko sawa leo." Wasichana walicheka. Wiki ya kwanza Hajara alitamani kuwapiga rula. Wiki ya tatu alijikuta naye anacheka, na aligundua kwamba miaka tisa alikuwa ameongoza watu hawa bila kujua kwamba wanaimba wakitoboa. Alikuwa amesikia kelele tu. Hili lilimwumiza kidogo, kwa kuwa lilikuwa kosa, na hakuna aliyekuwa amekohoa.

Kuhusu Obonyo hakukuwa na habari. Njia ya Busia, mpakani, ilikuwa na vizuizi vingi, na kila kizuizi kilikuwa na viatu kando yake. Hajara aliulizia kwa wachukuzi, kwa wauza samaki, kwa kwaya ya kijana huyo. Hapana. Siku moja Kikuubo alinunua njugu, akazifungua, na karatasi ilikuwa pana, yenye matundu ukingoni. Askari, watu wenye akili ya biashara, hawakuwa wamechoma kitu. Ulikuwa ukurasa wa O. OBONYO CLEOPAS, KISUMU, akifuatiwa na watu ishirini, kisha karatasi ilikatika pale muuzaji alipoichana. Alisimama kati ya magunia akausoma mara nyingi. Alikuwa amezoea kurasa zisizo na mwisho, alijisemea ndiyo maisha yenyewe, lakini siku ile alimchukia aliyezua desturi ya kuchana vitabu. Njugu alimwachia muuzaji.

Ilikuwa mwezi wa tisa Filda alipokuja kutoka Kawempe na kitu ndani ya leso. Jirani yake alikuwa mtu wa magendo, alivusha kahawa kwenda Kenya na kurudi na sabuni. Safari hii, pamoja na sabuni, alipewa hii ampe mama yeyote wa kompyuta. Ilikuwa kadi. Juu haikuandikwa neno. Ilikuwa na matundu tu, hayakulingana, yametobolewa kwa msumari na mtu aliyekosa mashine lakini hakukosa subira.

Hajara aliinua kadi dirishani. Mwanga ukapita. Akaanza kusoma kwa sauti, herufi moja moja, kwa ile sauti ya mkekani, na mashine za kutobolea zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"N. I. M. E. F. I. K. A."

"Sahihi," waliitika wasichana.

"K. I. S. U."

"Sahihi."

"G. U."

Filda alikohoa, kama desturi inavyotaka. "Madamu, hapo pana kosa."

"Sahihi," alisema Hajara, kisha akalia mbele ya wote, jambo jingine ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka tisa.